Mapacha wa Karatasi

Jioni moja mwaka huu, jirani alibisha hodi kwa mwandishi wa makala haya mjini Lexington, jimbo la Kentucky, mkononi ameshika bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Ni mama wa Kikongo, mzaliwa wa Uvira, mmoja wa Wakongo wengi waliohamia mji huo na kukifanya Kiswahili kisikike madukani na makanisani. Alipata uraia wa Marekani miaka kadhaa iliyopita, na tangu hapo anamwombea kibali cha kuja mdogo wake wa kiume aliyebaki katika kambi ya Nakivale, Uganda. Sasa ofisi ya uhamiaji imemrudishia swali. Kwenye karatasi zake yeye, alizoandikiwa alipovuka mpaka, alizaliwa Januari 1, 1984. Kwenye karatasi za mdogo wake, zilizoandikwa na karani mwingine katika kambi nyingine, naye alizaliwa Januari 1, 1984. Ofisi inauliza kwa adabu: je, ni mapacha?

"Hii tarehe si yangu, dada," alisema akivuta kiti. "Ni ya karatasi."

Aliyekaa na wakimbizi anaijua Januari Mosi hiyo. Karani anauliza mwaka, anayeulizwa anakadiria, fomu inadai siku na mwezi, basi inaandikwa siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza. Nyumbani kwa jirani huyo watu watano wana siku moja ya kuzaliwa, na haijawahi kukatwa keki hata mara moja siku hiyo.

Alipoondoka, mwandishi alibaki mezani na ile bahasha. Swali la ofisi lilikuwa jepesi kulisoma na gumu kulijibu: huyu ni ndugu yako kwa ushahidi gani? Mara ya mwisho kulihangaikia swali la namna hiyo alikuwa mwanafunzi, katika mji huohuo, akimsomea mzee mmoja wa Kizungu karatasi za babu zake.

Ilikuwa mwaka 2006. Alikuwa ametoka Tanga mwaka uliotangulia, ada inambana, akaona tangazo kwenye ubao wa maktaba: mwalimu mstaafu wa historia, macho yamefifia, anatafuta mtu wa kumsomea saa sita kwa wiki. Akadhani atasoma magazeti, pengine Biblia. Siku ya kwanza mzee alimsogezea boksi la viatu lililofungwa kwa kamba ya katani, limejaa barua, risiti, picha zisizo na majina na vipande vya magazeti vyenye rangi ya chai.

"Hawa ni watu wangu, binti," alisema. Mwandishi alimwita Mwalimu, kwa Kiswahili, na mzee alilipenda neno hilo akakataza lisitafsiriwe.

Alichotaka kilikuwa kimoja: ushahidi. Katika ukoo wao ilisimuliwa kwamba babu wa kwanza kufika Kentucky alikuja pamoja na Daniel Boone mwaka 1775. Machi ya mwaka huo Boone aliongoza watu wapatao thelathini wenye mashoka, wakafyeka njia kupitia pengo la milima liitwalo Cumberland Gap, kwa niaba ya kampuni ya Richard Henderson. Mwezi huohuo kampuni hiyo ilinunua eneo kubwa kwa baadhi ya wakuu wa Cherokee, eneo ambalo watu wa Shawnee nao waliwinda humo na hawakuulizwa. Kuja na Boone, kwa mtu wa Kentucky, ni kama kutoka Shirazi kwa mtu wa pwani yetu. Kila mji una ukoo unaodai hivyo. Wote wanaodai wangekuwa kweli kwenye msafara ule, wale thelathini wangekuwa jeshi, na mashoka yasingetosha.

Mwandishi alitaka kuanzia hapo hapo 1775 na kushuka. Mwalimu akamkatalia kama anavyokataliwa mwanafunzi anayerukia jibu kabla ya kufanya hesabu. Ukoo hufuatwa kutoka kwa aliye hai kwenda kwa aliyekufa, hatua moja moja, na kila hatua iwe na karatasi yake. Anayeanza juu, kwa mtu mashuhuri, atajikuta anatafuta ngazi ya kumfikia, na ngazi haikosekani kwa anayeitaka.

Basi wakaanza na Mwalimu mwenyewe. Sensa ya Marekani hufanywa kila miaka kumi tangu 1790, na majina hufungiwa kwa miaka 72. Wakati ule ya karibuni iliyokuwa wazi ilikuwa ya 1930, na ndani yake, kwenye mikrofilamu iliyokwaruzika, alikuwemo mtoto wa miaka sita, jina lake limekosewa herufi mbili. Mzee aliomba asomewe mstari huo mara tatu. Wakapanda: 1920, 1910, 1900. Hapo wakagonga shimo. Karatasi za sensa ya 1890 zilikuwa katika jengo la Wizara ya Biashara mjini Washington moto ulipozuka Januari 10, 1921. Zilizopona moto zikaloweshwa na maji ya wazimamoto, na zilizosalia zikateketezwa miaka ya 1930 kwa idhini ya Bunge. Mtoto aliyezaliwa 1881 akafa kabla ya 1900 anaweza asiwe na mstari hata mmoja katika sensa ya nchi yake.

Walivuka shimo hilo kwa msaada wa kaburi moja na leseni mbili za ndoa, wakafika 1880, sensa ya kwanza kueleza kila mtu ana uhusiano gani na mkuu wa kaya. Kisha 1870, 1860, 1850. Hapo ngazi ilibadilika umbo. Sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru. Zilizoitangulia zilimtaja mkuu wa kaya peke yake, na wengine wote wakawa tarakimu kwenye safu: wanaume wa umri huu wawili, wanawake wa umri ule watatu. Mke aliyezaa watoto kumi na mmoja ni "1". Na kwa Kentucky hata hizo hazifiki mwanzo, maana orodha za 1790 na 1800 zimepotea zote. Yamebaki majumlisho: mwaka 1790 Kentucky ilikuwa na watu 73,677, na 12,430 kati yao watumwa. Serikali ilitunza hesabu ikapoteza watu.

Usiku mmoja mwandishi alimkumbuka bibi yake wa Tanga, ambaye angeweza kutaja nasaba mpaka babu wa tisa bila kuvuta pumzi. Kwa muda alijiona tajiri kuliko Mwalimu. Kisha akajiuliza mama wa babu wa tatu aliitwa nani, na akagundua kwamba bibi, mwanamke mwenyewe, hakuwahi kumtaja mwanamke hata mmoja.

Sensa ilipokauka, Mwalimu alimtuma Frankfort, makao makuu ya jimbo, kwenye nyaraka. Ukiingia mle unaacha begi na kalamu ya wino nje. Penseli tu ndiyo inayoruhusiwa. Huko mwandishi alijifunza jambo ambalo limemfaa tangu hapo. Karani wa karne ya 18 hakuwa na haja ya mtu akumbukwe. Aliandika kwa sababu kuna kodi ya kudai, shamba la kupima, deni la kusikilizwa, maiti aliyeacha ng'ombe. Anayemtafuta mtu wa zama zile inampasa aache kuuliza "alikuwa nani?" aulize "alidaiwa nini?"

Majibu yapo kwenye daftari za kodi. Makamishna wa kodi walizunguka kila mwaka wakiorodhesha wanaume wazima, farasi, watumwa na ardhi, na baadaye kutaja kijito ambacho ardhi hiyo ilipakana nacho. Ukiweka mwaka juu ya mwaka unapata kitu kama filamu ya polepole: kijana anaingia alipotimiza miaka 21, anapata farasi, anapata ekari, kisha siku moja linaandikwa jina la mkewe mahali pake, na unajua amekufa.

Kwa daftari hizo mwandishi alifanya kosa lake la kwanza kubwa. Aliliona jina la babu yule katika kaunti iliyotakiwa, akalifuata miaka kumi na miwili, akajenga historia nzuri ya mtu aliyeinuka kutoka farasi mmoja mpaka wanane. Wiki tatu. Alipoisoma mbele ya Mwalimu, mzee alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza:

"Mwaka ule ana farasi watano, na mwaka huohuo tena ana farasi wawili. Ni wangapi?"

Walikuwa watu wawili. Jina moja, kaunti moja, pengine mtu na binamu yake. Mmoja tajiri kando ya kijito hiki, mwingine na farasi wake wawili kando ya kijito kile. Babu wa Mwalimu, kama wasia ulivyoonyesha baadaye, ndiye yule wa farasi wawili. Vitabu vingi vya koo za Marekani vilivyochapwa karne ya 19 vimejaa ndoa za namna hiyo, ambapo watu wawili wameunganishwa wakawa mmoja, kwa kawaida kwa faida ya yule mwenye farasi wengi.

Majira ya joto walianza kusafiri. Mwandishi aliendesha gari la mzee, bado kuendesha upande wa kulia kukimkosesha raha, na Mwalimu akafundisha akiwa kiti cha pembeni. Siku waliyopita mji mdogo wa Springfield, kaunti ya Washington, alimwambia apunguze mwendo. Katika mahakama ya mji ule ndimo ilimopatikana hati ya ndoa ya wazazi wa rais Abraham Lincoln.

Kisa chenyewe ni somo zima. Lincoln alizaliwa Kentucky Februari 12, 1809, kaunti ya Hardin. Alipokuwa mashuhuri, maadui walivumisha kwamba wazazi wake hawakuoana, na waliotafuta ushahidi kaunti ya Hardin walitoka mikono mitupu. Mwaka 1878, miaka kumi na mitatu baada ya rais huyo kuuawa, karani wa kaunti ya Washington aliikuta hati ya dhamana ya ndoa ya Thomas Lincoln na Nancy Hanks, ya Juni 1806, mahali ilipokuwa muda wote. Ndoa ilifungwa Juni 12 na mchungaji Jesse Head. Harusi hufanyika kwao bibi harusi. Watu walikuwa wametafuta kwa mwanamume.

Akina Lincoln ndio familia ya mpakani iliyochunguzwa kuliko zote, na hata wao waliwatoa watu jasho. Lincoln mwenyewe, katika maelezo mafupi ya maisha yake aliyoandika 1859, alikiri kwamba jitihada za kuwaunganisha na akina Lincoln wa New England hazikuzaa kitu zaidi ya kufanana kwa majina. Watafiti waliofuata walipanda ngazi kwa hati za ardhi na mirathi, kutoka Kentucky kurudi Virginia, Pennsylvania na New Jersey, wakamkuta Samuel Lincoln aliyevuka bahari kutoka Uingereza mwaka 1637 na kukaa Hingham, Massachusetts. Rais aliyeongoza nchi hiyo hakuwahi kujua kwa hakika kizazi chake cha kwanza kilitua wapi. Leo mwanafunzi mwenye kompyuta anakijua.

Babu yake, Abraham kama yeye, alichukua ekari 400 kwenye kijito cha Long Run, si mbali na Louisville. Ukimtafuta kwenye hati za ardhi kwa jina la Lincoln utampita. Karani aliandika alivyosikia: "Linkhorn". Babu huyo aliuawa mwaka 1786 akiwa shambani, katika vita vya ardhi kati ya walowezi na wenyeji waliokuwa wakinyang'anywa, na kwa sheria ya mirathi ya wakati ule ardhi yote ikamwangukia mwanawe mkubwa, Mordecai. Thomas, mdogo, akakua akitembeza mikono yake kwa vibarua. Ukitaka kujua kwa nini rais wa Marekani alizaliwa katika kibanda cha magogo, sehemu ya jibu imo katika daftari la mirathi.

Sehemu nyingine imo katika ofisi ya ardhi. Kwa sheria ya Virginia ya 1779, aliyetaka shamba Kentucky alipata kibali, akaandikisha dai, akaleta mpimaji, kisha akasubiri hati miliki. Kila mtu alichagua umbo alilotaka na mpaka ukaanzia kwenye mti: mwaloni mweupe wenye alama, kutoka hapo umbali wa nguzo kadhaa hadi kwenye jiwe la kijitoni. Mti ukianguka, mpaka umekwenda nao. Madai yakapandana kama makuti ya paa, na wanasheria wakala vizuri kwa miaka hamsini. Thomas Lincoln aliandamwa na kesi za hati mbovu mpaka mwaka 1816 akavuka mto Ohio kwenda Indiana, ambako serikali ya shirikisho ilikuwa imepima ardhi kwa miraba, kila kitongoji maili sita kwa sita, vipande 36 vya ekari 640. Daniel Boone, aliyewapimia wengine, alipoteza karibu kila alichodai, na mwaka 1799 akahamia Missouri, wakati huo mikononi mwa Hispania.

Mtafutaji wa ukoo, lakini, hushukuru ugomvi. Pale mashamba yalipopandana pana kesi, na kwenye kesi pana mashahidi wazee walioapa wanamjua fulani tangu utoto, walitoka naye kaunti gani, dada yake aliolewa na nani. Ukoo wenye amani hauachi karatasi.

Wanawake nao hukamatwa na karatasi kwa njia hiyo hiyo, mara nyingi kwa aibu. Lucy Hanks, bibi yake Lincoln upande wa mama, amesalia kwenye kumbukumbu za kaunti ya Mercer kwa sababu mwaka 1789 baraza la mashtaka lilimtaja kwa kosa la zinaa. Watu walibishana zaidi ya karne moja kuhusu Nancy alikuwa binti wa nani, mpaka mwaka 2015 uchunguzi wa ile DNA inayopita kwa mama peke yake ulipounga mkono kwamba alikuwa binti wa Lucy. Baba yake Nancy hana karatasi. Mwalimu alisimulia hayo akitazama dirisha asiloliona, kisha akasema kwamba wazee wa mahakama waliomwandika Lucy ili kumwaibisha ndio waliomhifadhi.

Vuli ilifika na nakala ya faili la pensheni. Hiyo ilikuwa turufu ya Mwalimu. Sheria ya Juni 7, 1832 iliwapa pensheni wapiganaji wa vita vya uhuru waliokuwa bado hai, lakini wengi hawakuwa na cheti chochote, hivyo wakatakiwa kusimama mbele ya hakimu wa kaunti na kusimulia: umezaliwa wapi, umepigana chini ya nani, umeishi wapi tangu hapo. Yakapatikana masimulizi ya maelfu ya wazee wasiojua kusoma, yameandikwa na makarani neno kwa neno au karibu. Wengine walichana ukurasa wa Biblia wenye tarehe za uzazi wakauambatisha, na kurasa hizo zingali kwenye mafaili.

Babu wa Mwalimu alisimama mbele ya hakimu mwaka 1833. Mwandishi alisoma polepole, akimtazama mzee. Alizaliwa Virginia. Alipigana miezi mitano na akaugua miwili. Alifika Kentucky majira ya kupukutika majani, 1784, pamoja na shemeji yake. Boone hakutajwa. Chini palikuwa na alama ya X, na pembeni yake karani ameandika kwamba hiyo ni saini yake.

Kimya kilikuwa kirefu kiasi cha kusikia saa ya ukutani.

"Alichelewa miaka tisa," Mwalimu alisema mwishowe. Akacheka, na kicheko hicho hakikuwa cha furaha yote. Ngano ya ukoo ilikuwa imedumu kuliko mtu yeyote aliyeisimulia, na ilianguka kwa kauli ya yule yule iliyemsifu. Yeye hakudai kuja na Boone. Wajukuu ndio waliodai.

Lililobaki ni jambo ambalo mwandishi hulisimulia kwa shida. Huko Frankfort, meza ya jirani, alikuwepo mwanamke Mmarekani mweusi wa miaka sitini na kitu, aliyekuja kwa basi kutoka Ohio. Saa ya chakula walikutana kwenye korido. Akauliza mwandishi anatafuta watu gani. Aliposikia jina la ukoo na kaunti aliweka mkate wake chini. Jina hilo lilikuwa la bibi mzaa bibi yake.

Alieleza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulieleza mara nyingi. Watu weusi walioachwa huru wanaonekana kwa majina kwenye sensa ya 1870. Kabla ya hapo ni ukuta. Sensa za 1850 na 1860 zina orodha ya pekee ya watumwa, iliyopangwa chini ya jina la mwenye kuwamiliki: umri, jinsia, rangi. Majina hayamo, isipokuwa mara chache sana. Tena Kentucky haikuguswa na tangazo la Lincoln la 1863 la kuwaacha huru watumwa, kwa kuwa haikuwa imejitenga. Utumwa ulidumu huko mpaka marekebisho ya katiba ya Desemba 1865. Hivyo anayetaka kuuvuka ukuta inambidi aufuate ukoo wa bwana: wasia, orodha za mirathi, rehani, mauzo. Yule mama alikuwa ameujua ukoo wa Mwalimu kwa miaka minane, vizuri kuliko Mwalimu mwenyewe.

Akamwuliza mwandishi kama ameiona orodha ya mirathi ya ukoo huo ya 1827. Ndiyo, alikuwa ameiona. Alikuwa ameinakili yote na kumsomea Mwalimu: majungu, plau, jembe, farasi jike wa kijivu. Kati ya jungu la shaba na farasi jike ilikuwemo mistari miwili, mwanamke na mtoto wake, kila mmoja na bei. Alipofika hapo ulimi wake ulikuwa umeruka. Hakukusudia uongo. Ilikuwa jioni, mzee amechoka, na kwa mtu aliyelelewa pwani, ambako maneno ya utumwa kama mzalia na mjoli bado husemwa kwa kunong'ona na koo nzima hubadilisha mazungumzo, kuruka mstari ni adabu.

Kesho yake alimsomea Mwalimu orodha yote upya, bila kuruka. Mzee hakuuliza kwa nini mara ya kwanza ilikuwa fupi. Alisema: "Fungua boksi. Chini kabisa, kwenye bahasha ya buluu."

Ilikuwa risiti ya mwaka 1853. Warithi wamegawana mali, na katika mali wamo watu saba, kwa majina, na nani amekwenda kwa nani. Ilikuwa katika boksi lile muda wote. Mwalimu alikuwa akijua.

Alikaa wiki nzima bila kuitaja. Wiki ya pili alimwambia mwandishi aende akatoe nakala mbili, moja aipeleke kwenye nyaraka za jimbo, moja aitume Ohio, na asiandike barua yoyote ya kujieleza. Jina la tatu kwenye risiti, la msichana, ndilo alilokuwa akilitafuta yule mama. Mwezi Desemba ilifika kadi ya Krismasi yenye shukrani za sentensi moja. Mwalimu alitaka isomwe, kisha iwekwe kwenye boksi. Alifariki miaka miwili baadaye, na boksi lilikwenda kwa mjukuu wake pamoja na maelezo aliyoyatamka mwenyewe yakaandikwa, yakianza na 1784.

Yote hayo yalirudi mbele ya bahasha ya kaki. Siku ya pili mwandishi alimwambia jirani kwamba hata rais wa kwanza wa nchi hii ana tarehe mbili. George Washington alizaliwa Februari 11, 1731, kwa kalenda ya wakati huo, ambayo mwaka wake ulianza Machi 25. Uingereza na makoloni yake walipobadili kalenda mwaka 1752, siku kumi na moja zikaondolewa na mwaka mpya ukahamia Januari Mosi. Kwa kalenda mpya tarehe yake ni Februari 22, 1732. Jirani alicheka sana. "Basi na yeye aliandikwa na karani," alisema.

Kisha wakafanya kazi kama alivyofundisha Mwalimu, wakiuliza huyu mtoto aligusa kitu gani kilichohitaji kuandikwa. Ardhi hapana, kodi hapana. Kanisa. Shangazi aliyeko Uvira alitumiwa ujumbe kwa simu, akaenda parokiani mara tatu, na mara ya tatu akatuma picha ya ukurasa wa daftari la ubatizo, wino wa zambarau umechujuka pembeni. Mdogo mtu alibatizwa Aprili 1987, akiwa na miezi miwili. Jina la baba lipo, na la mama lipo, ni yale yale yaliyo kwenye cheti cha ubatizo ambacho dada mtu amekibeba ndani ya kitambaa tangu Uvira.

Picha hiyo inathibitisha kwamba ni ndugu. Inathibitisha pia kwamba karatasi ya kambini imemzidishia miaka mitatu, na hilo nalo litaulizwa. Kwa hiyo wameandika hati ya kiapo ya kurasa mbili, imeeleza nani alisema nini, nani aliandika wapi, na kwa nini tarehe hazilingani, bila kusahihisha hata moja ili ipendeze. Shangazi ameweka dole gumba chini.

Bahasha ilipelekwa posta Jumatatu. Jibu halijaja. Katika faili la ofisi, mpaka leo, wale wawili ni mapacha.